Nani Alishika Usukani

Kazini walimwita Chiriku, na jina lilimkaa. Alikuwa rubani msaidizi, mwanamke wa maneno mengi, ambaye hata akikagua matairi ya ndege kabla ya safari alikuwa anaongea nayo. Siku mambo yalipoharibika alikuwa kwenye kiti cha kulia, na kushoto kwake ameketi Kapteni, mtu mzima mwenye mvi za pembeni, anayesifika kwa upole. Neno lake lilikuwa "taratibu." Ukisoma orodha ya ukaguzi haraka, taratibu. Ukijaza fomu kwa hasira, taratibu, mwanangu.

Ilikuwa ndege ya injini mbili za mapangaboi, abiria hawajajaa, safari ya asubuhi ambayo wote wawili waliijua kama mtu anavyoijua njia ya jikoni kwake. Kapteni ndiye aliyekuwa anairusha. Walipaa vizuri, magurudumu yakaingia ndani, mawingu yakawafunika. Chiriku alikuwa anamsomea Kapteni kimo cha ndege wakati mwewe alipoibamiza ndege upande wa kushoto wa pua. Paa! Hapo hapo usukani ukaanza kutetemeka kwa kelele, kama mashine ya kusaga iliyomeza jiwe.

Mtetemo ule umewekwa makusudi. Humwambia rubani kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba ndege, kwa hiyo ashushe pua ili ndege ipate mwendo. Kila rubani anafundishwa hivyo tangu mwanzo. Safari hii onyo lenyewe lilikuwa la uongo, kwa sababu mwewe alikuwa ameng'oa kidude cha nje kinachopima upepo, na ndege ilikuwa nzima. Lakini Kapteni, mtu wa taratibu, aliukumbatia usukani na kuuvuta kifuani kwa nguvu zake zote. Pua ikapanda. Mwendo ukaanza kuporomoka, na lile onyo la uongo likawa linakaribia kuwa la kweli.

Chiriku akaushika usukani wa upande wake na kuusukuma mbele. Wakawa wanashindana, mmoja anavuta, mwingine anasukuma. Kisha pua ikashuka ghafla. Kule nyuma, mhudumu wa ndege alikuwa amenyanyuka kumrudisha kwenye kiti abiria aliyesimama, akarushwa juu, akagonga dari na kuangukia mkono.

Baada ya hapo Kapteni alirudi, kama mtu aliyekuwa ametoka kidogo. Alizungumza na waongozaji wa ndege kwa sauti ile ile ya kila siku, akageuza, akatua bila hata kuwatikisa abiria. Injini zilipozimwa alijipangusa uso kwa kiganja.

"Tumegonga nini?" akauliza.

Chiriku akafungua mkanda wake, akatafuta kalamu ya kuandikia taarifa.

Taarifa mbili zilizofika ofisini jioni ile zilikuwa kama za safari mbili tofauti. Kapteni alieleza kwamba onyo lilipolia alishusha pua yeye mwenyewe, msaidizi wake akamsaidia kwa nguvu kupita kiasi. Chiriku alieleza kwamba Kapteni alikuwa anavuta, kimya kama gogo, naye alitamka mara tatu "Nimeshika mimi" asipate jibu, ndipo akaichukua ndege.

Tamko hilo ni sheria ya kwanza ya watu wawili wenye sukani mbili. Anayeichukua ndege husema "Nimeshika mimi," na anayeiachia hujibu "Umeshika wewe." Bila hivyo, mikono minne inaweza kuiua ndege nzima. Kapteni alisema hakusikia tamko lolote. Mkuu wa marubani aliwasimamisha kazi wote wawili.

"Kusimamishwa si adhabu, dada," alimwambia Chiriku ofisini kwake, huku akipanga kalamu zilizokuwa tayari zimepangwa.

"Kama si adhabu, mkuu, mbona kitambulisho changu hakifungui hata geti la kantini?"

"Huo ni utaratibu tu wa mfumo."

"Nilitamka mara tatu."

"Kapteni anasema hakusikia."

"Basi akapimwe masikio!"

"Amepimwa," mkuu akasema. "Yako safi kuliko yangu."

Chiriku alitoka pale kifua kimejaa. Alichokuwa anakiona yeye kilikuwa wazi kama mchana: mzee aliganda, akavuta, na sasa anasema uongo ili kulinda jina lake. Na jina lenyewe lilikuwa kubwa. Nusu ya marubani wa kampuni walikuwa wamepita mikononi mwake, na kwenye meza za kantini ilishaanza kusemwa kwamba yule binti ana kiherehere, kwamba mdomo mwingi na mikono myepesi vinaendana. Waliokuwa upande wake walimwambia hivyo kwa kunong'ona, wakiangalia mlango.

Kila siku alipiga simu ofisini. Kamati ya uchunguzi itakaa wiki hii. Kamati imeahirishwa, mjumbe mmoja anaumwa. Sauti za kwenye kinasa sauti cha ndege bado zinasafishwa. Zinasafishwa na nini, aliuliza, na sabuni gani hiyo isiyoisha? Aliyepokea simu hakucheka.

Nyumbani nako hakukukalika. Mume wake alikuwa fundi wa friji, mtu anayeamini kwamba kila tatizo lina waya wake.

"Sasa hebu tuliza akili, mke wangu. Kilichoharibika hasa ni nini?"

"Mimi sijaharibika!"

"Sijasema wewe."

"Umeniangalia mimi ukasema."

Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kuwasalimia na bado hajapanga kuondoka, alikuwa mezani anakunywa chai. Akapiga chafya. Ilikuwa chafya moja tu, ya ghafla, ya mtu mzima asiyejizuia. Chiriku alijikuta ameushika ukingo wa meza kwa mikono miwili na kuusukuma mbele, vikombe vimelala, chai inatiririka hadi kwenye khanga ya mama mkwe.

"Mwanangu," mama akasema, akijitazama mapajani, "nimepiga chafya. Sijapiga risasi."

Mume aliangua kicheko kabla hajajizuia. Chiriku akaenda kujifungia bafuni, akafungulia maji, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kucheka kwao hakukumuudhi sana. Alichoshindwa kuvumilia ni ile mikono. Hakuituma. Ilikwenda yenyewe, kama mbwa wa jirani anayeingia uani bila kuitwa, na moyo ulikuwa bado unamdunda hata baada ya akili yake kujua ilikuwa chafya.

Alikwenda kumtazama mhudumu, ambaye mkono wake ulikuwa umefungwa plasta hadi karibu na kiwiko. Chiriku alikuwa amebeba matunda na maneno mengi ya kujieleza. Mhudumu alimsikiliza mpaka akachoka.

"Dada yangu," akasema, "nyie mnagombania nani alishika usukani. Mimi nilishika dari."

"Pole. Kweli pole sana."

"Nimeshapoa. Ila unajua nilikuwa nasubiri nini? Sauti. Hata 'kaeni chini' tu, mtu yeyote kati yenu. Hamkusema kitu."

"Tulikuwa tunapambana kule mbele."

"Najua. Sikulaumu. Nakuambia tu nilichokuwa nasubiri."

Chiriku alirudi nyumbani akiwa amenuna zaidi ya alivyokwenda. Alikuwa na uhakika kwamba yeye alikuwa akisema, tena kwa sauti.

Siku ya kinasa sauti ilifika. Walikaa kwenye chumba kidogo chenye kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye beseni: Chiriku, Kapteni, mkuu wa marubani, na afisa wa usalama, mama mtu mzima mwenye miwani inayoning'inia shingoni kwa kamba. Kapteni alikuwa amevaa shati la kawaida, na bila sare alionekana mdogo. Walisalimiana kwa vichwa.

"Hii si mahakama," afisa akasema. "Na si rahisi kujisikiliza. Mtu akitaka kutoka, atoke."

Hakuna aliyetoka. Akabonyeza.

Ikasikika sauti ya Chiriku ikisoma kimo, changamfu, karibu na kuimba. Halafu pigo. Halafu ile kelele ya mtetemo, na hata pale kwenye kiti cha sponji Chiriku aliona vidole vyake vinajikunja.

Halafu sauti ya mwanaume, nyembamba, ya juu, ambayo mwanzoni hakuna aliyeitambua. "Mlango. Mlango umefunguka. Funga mlango. Nani kaacha mlango? Funga mlango!"

Kapteni alikuwa anaitazama mashine kana kwamba ndani yake kuna mtu anayemwigiza.

Chiriku aliinama mbele akijisubiri. Sasa hivi. Sasa. Kilichosikika ni pumzi, nzito na za haraka, na mkoromo kama wa mtu anayesukuma gari lililokwama kwenye tope. Hakuna neno. Kelele iliendelea, Kapteni akaita mlango tena, pumzi zikaendelea. Ndipo, ndege ilipokuwa tayari imeshusha pua na kuanza kupata mwendo, ikaja sauti yake ndogo iliyopasuka: "Nimeshika... nimeshika mimi."

Na hapo hapo Kapteni akajibu, vizuri kabisa: "Umeshika wewe."

Afisa akazima. Maji ya kiyoyozi yalidondoka kwenye beseni.

"Rudisha," Chiriku akasema. "Umeruka kipande."

"Sijaruka."

"Nilisema mapema. Mara tatu. Najua nilisema, nakumbuka hata koo lilivyoniuma. Na huyu hakujibu. Hakujibu!"

Afisa akarudisha, mara moja na mara nyingine tena. Haikubadilika. Kisha akawaonyesha mistari kwenye karatasi, iliyochorwa na kifaa kinachopima kila mkono umefanya nini kwenye usukani. Kapteni alivuta kwa muda mrefu. Chiriku alisukuma. Na mwishoni, pua ilipoanza kushuka, Kapteni naye aliacha kuvuta akasukuma pamoja naye.

"Kwa hiyo alishusha pua, na wewe uliichukua ndege," afisa akasema. "Hakuna mwongo hapa. Mwili ukishtuliwa vile, akili inadaka kitu cha kwanza kinachofanana na kile kishindo. Kapteni alidaka mlango. Masikio yanajifunga. Mikono inafanya ya kwake. Halafu baadaye kichwa kinaziba mapengo kwa yale uliyopaswa kufanya, nawe unayakumbuka kama uliyafanya kweli."

Mkuu wa marubani alikuwa ameshika kalamu. "Sawa. Sasa kwenye sehemu ya chanzo niandike nini?"

"Walishtuka."

"Hakuna kisanduku cha kushtuka. Kuna hitilafu ya chombo, kuna uzembe, kuna hali ya hewa."

"Basi kiongeze."

"Fomu haitoki kwetu," mkuu akasema, na kwa kweli alionekana anasikitika.

Chiriku alimkuta Kapteni kwenye korido, karibu na mtungi wa maji, ameshika kikombe cha plastiki kisicho na kitu.

"Mlango gani?" akamuuliza, hata bila shikamoo.

"Sijui."

"Kapteni, umeita mlango kama mtu anayeita mwanawe. Mlango gani?"

"Binti yangu, ningekuwa najua ningekuambia. Nimekaa pale ndani nawaza: huyu nani? Naapa sijui. Kwenye kichwa changu mimi nilisikia onyo, nikashusha pua. Naiona mikono yangu ikisukuma. Naiona, kama ninavyokuona wewe." Aliukunja mkono, akaukunjua. "Sasa niamini nini tena? Nina miaka yote hii naamini kichwa hiki."

Chiriku alikuja na maneno aliyokuwa ameyapanga kwa wiki kadhaa, makali, mazuri, yenye mapigo. Yote yalikuwa ya kumwambia mwongo.

"Afadhali ungekuwa umedanganya," akasema mwishowe. "Ningekuwa na mtu wa kumkasirikia."

"Nikasirikie tu," Kapteni akasema. "Mimi nimeshaanza."

Afisa wa usalama alipendekeza marubani wote wafanyiwe mazoezi ya kushtukizwa kwenye simuleta, kile kichumba cha mashine kinachoigiza ndege, bila kuambiwa nini kinakuja wala lini. Pendekezo likapanda ngazi za ofisi na huko juu likakutana na bajeti. Simuleta ilikuwa ya kukodi, saa zake zilikuwa zimeshapangwa kwa mitihani. Kilichoshuka badala yake ni kadi ndogo yenye plastiki, ya kubandikwa mbele ya kila rubani: TULIA. PUMUA. TAZAMA. TAMKA. Herufi zilikuwa za bluu, na chini kulikuwa na picha ya ndege inayotabasamu.

"Inatabasamu nini?" Chiriku akamuuliza mume wake akimwonyesha. "Hebu niambie, inatabasamu nini?"

"Labda haijasikia chafya ya mama," mume akasema, na safari hii hata Chiriku alicheka, kwa shingo upande.

Ili arudishwe kazini ilimbidi afanye mtihani wa kawaida wa simuleta. Injini ya kushoto ilikufa pale pale inapokufa kila mwaka, mara tu baada ya magurudumu kuacha ardhi, na Chiriku aliishughulikia kama anayemenya chungwa. Mwalimu wa simuleta, kijana mwenye macho ya usingizi, akampa alama zote.

"Nilijua inakuja," Chiriku akasema bila kufungua mkanda. "Mama mkwe wangu angejua inakuja. Nipe kitu nisichokijua."

"Programu hairuhusu."

"Muda umebaki."

"Umebaki kidogo, lakini hairuhusu. Tua tu tumalize, kuna wenzako wanasubiri nje."

Akasonya, akaiweka mashine kwenye njia ya kutua. Hali ya hewa nzuri, uwanja mbele, kazi ya kila siku. Alikuwa anawaza foleni ya kurudi nyumbani kishindo kilipolia sikioni mwake na usukani ukaanza kutetemeka.

Alipopata akili, kioo cha mbele kilikuwa kimegeuka chekundu na mashine imetulia. Walikuwa wameanguka.

"Nimefanya nini?" akauliza.

"Umevuta," mwalimu akasema kutoka nyuma.

"Mimi?"

"Kifuani kabisa. Na hukusema kitu."

Chiriku aliitazama mikono yake. Alitaka kubisha. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni, kwamba mashine ina kasoro, kwamba alisukuma, kwamba anakumbuka. Aliimeza.

"Tena," akasema.

"Safari hii, kabla mikono haijafanya chochote, sema unachokiona. Chochote, kwa sauti. Hata kama ni upuuzi."

Walirudia. Akachelewa, mikono ikaanza kuvuta, lakini mdomo ukapata neno. "Mwendo," akasema. "Mwendo upo. Pua juu. Pua iko juu." Na kusikia sauti yake mwenyewe kulimrudisha ndani ya chumba, mikono ikalegea. Walirudia tena, ikawa mbaya. Walirudia tena, ikawa nafuu. Kisha wenzake wakagonga, muda wao umefika.

"Hii sijaiandika popote," mwalimu akamwambia akishuka ngazi.

"Hilo ndilo linaloniuma," Chiriku akamjibu.

Alirudi kazini. Kapteni hakurudi. Aliitwa kufanya mtihani wake, akakataa kwa adabu, akaomba kuwafundisha marubani wapya darasani. Chiriku alipopata habari alimpigia simu palepale.

"Umeniacha peke yangu nipigane na wakubwa."

"Sijakuacha. Nimeomba saa moja kwa wiki, wamenipa."

"Ya simuleta?"

"Ya stoo. Na viti. Njoo siku yako ya mapumziko, nina kazi na wewe."

Alikwenda, amekunja uso. Stoo ilikuwa na makabati ya zamani upande mmoja na marubani wapya upande wa pili, wamekaa wawili wawili kwenye viti vya plastiki, kila mmoja amepewa mpini wa ufagio wa kushika kati ya magoti kama usukani. Kapteni aliwaeleza habari za upepo wa pembeni, somo la kuchosha kweli kweli, kwa sauti yake ya upole. Kazi ya Chiriku ilikuwa kusimama nyuma yao na sinia kubwa la bati. Alipoona mabega yao yamelegea, aliliachia kwenye sakafu ya saruji.

Walishtuka wote. Mmoja alipiga kelele, wawili wakacheka, wa mbele kabisa akabaki ameduwaa.

"Mikono yenu ilifanya nini?" Kapteni akauliza.

"Hakuna kitu."

"Mimi nilitulia tu."

"Wewe wa shati la mistari umevuta," Chiriku akasema. "Hadi mpini umekugonga kidevu."

"Sikuvuta, dada."

"Umevuta. Nimekuona."

"Naapa sikuvuta!" Kijana alikuwa amesimama, masikio yamewaka moto, na kidevuni alikuwa na alama nyekundu ya mpini.

Chiriku alikuwa anafungua mdomo mlango uliposukumwa. Mkuu wa marubani akachungulia, miwani mkononi.

"Jamani, kelele. Tupo kwenye kikao cha bajeti chumba cha pili, hatusikilizani."

"Kikao cha saa za simuleta?" Chiriku akauliza.

"Cha mazulia ya ukumbi wa wageni," mkuu akasema, akajikuta anaangalia chini. "Naombeni mpunguze, tafadhali."

Akafunga. Halafu Chiriku akaliokota sinia.

"Bebeni viti," akawaambia vijana. "Tunahamia kwenye maegesho."

Wakatoka kwa msururu, kila mmoja na kiti kichwani na mpini kwapani, na yule wa shati la mistari alikuwa wa mwisho, bado anamweleza mwenzake kwamba yeye, kwa hakika kabisa, hakuvuta.